Sabuni ya Mara ya Nne

Mwenzetu mmoja alikuwa anakoroga ndoo ya sabuni ya maji mbele na nyuma, kama mtu anayehangaika na uji ulioganda. Mama aliyekaa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu alimtazama kwa muda, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, koroga upande mmoja. Ukigeuzageuza hivyo itajaa povu, haitakuwa nzito."

Hapo ndipo tulipogundua kwamba wanajua. Kikundi chao pale Mikumi kilikuwa kimeshafundishwa sabuni ya maji mara tatu, na makundi matatu ya watu waliokuja kujitolea kabla yetu. Sisi tulikuwa wa nne. Tulimuuliza mama, ambaye ndiye mwenyekiti, kwa nini hawakutuambia. Akacheka. "Mmekuja na ndoo zenu, na kemikali mmeshanunua. Tungewarudisha vipi?"

Ilikuwa Agosti 2023. Tulikuwa wanafunzi tisa tuliotoka Morogoro mjini, tukakaa siku mbili Kilosa na siku tatu Mikumi. Kila mmoja wetu alirudi na cheti chenye saa zake za kujitolea. Wao hawakupata cheti. Yule mama huuza ndizi barabarani, pale mabasi ya Iringa na Mbeya yanaposimama, na siku tatu zile meza yake haikuwa na mtu. Fundi viatu alifunga kibanda. Kijana mmoja kiziwi alikuja kila asubuhi na dada yake ili amtafsirie, kwa sababu kati yetu tisa, wasomi watupu, hakuna aliyejua hata salamu moja ya lugha ya alama. Watu hawa walikaa kwenye mikeka, wakatazama somo wanalolijua kuliko mwalimu, wakapiga makofi mwishoni, wakasimama kwenye picha. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile: katika siku zile tatu, nani hasa alijitolea?

Kosa langu mimi binafsi lilikuwa jingine, na lilitokea siku ya kwanza. Nilikuwa na fomu ya kuandika majina. Nilipofika kwa mama nikamwelekea mjukuu wake aliyekuwa anasukuma baiskeli, mvulana wa miaka kumi hivi, nikamuuliza, "Anaitwa nani? Ana umri gani?" Mama akajibu mwenyewe. "Kwanza hujaniamkia."

Nimelelewa vizuri. Siwezi kupita mbele ya mtu wa umri wa mama yangu bila shikamoo. Mdomo huitoa wenyewe. Siku ile haikutoka. Nimetafuta sababu nyingi, kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba foleni ilikuwa ndefu, lakini ukweli ni kwamba nilimwona wa kuhurumiwa kabla sijamwona mkubwa wangu, na macho yangu hayakuweza kumwona kote kuwili kwa wakati mmoja. Nilisema shikamoo kwa aibu. Akaitikia marahaba, akanitajia jina lake, akaendelea kama hakuna kilichotokea.

Kiswahili kina jambo linalonisumbua. Kumwonea mtu ni kumdhulumu. Ukiongeza neno moja, kumwonea huruma, inakuwa sifa. Najua mwalimu wa isimu ataniambia kitenzi hicho hicho tunakitumia kwa wivu na kwa fahari, kwa hiyo nisijenge falsafa juu ya kiambishi. Sawa. Lakini siku ile, kwenye foleni ile, sikuona umbali mkubwa kati ya maana hizo mbili. Wote wawili, mwonevu na mwenye huruma, wanaweza kufanya kazi yao bila kuhitaji jibu la mtu aliye mbele yao.

Kwenye basi la kurudi tulibishana. Rafiki yangu alisema nia haina kazi: mwenye njaa akila ugali anashiba, hata kama aliyeusonga alitaka sifa. Ni hoja nzuri, na bado sijaipatia jibu la kutosha. Tatizo ni kwamba sisi hatukuleta ugali. Nia yetu, ambayo ilikuwa cheti na picha na, ndiyo, moyo mwema pia, ndiyo iliyochagua sabuni. Sabuni inamalizika kwa siku moja. Ina rangi, inapendeza kwenye picha. Kama tungekuwa tumewafikiria wao kwanza tungeuliza, na tungeambiwa.

Maana jioni ya mwisho niliuliza, nikaambiwa. Hawakukosa ujuzi, walikosa mtaji, na mtu wa kufuatilia faili. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kiliomba. Lakini Mikumi iko wilaya ya Kilosa, na makao makuu ya wilaya yako Kilosa kwenyewe, kilomita 70 na zaidi kupitia Ulaya. (Ndiyo, ni kijiji; utani wa kusema umefika Ulaya kwa basi tuliumaliza siku ya kwanza.) Kwa mtu anayepaswa kubebwa ili apande gari, safari ya kwenda kuuliza "faili letu limefika wapi?" ni ya siku nzima na ya nauli ya watu wawili. Kisha Aprili mwaka ule serikali ikasitisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu urekebishwe. Wakaambiwa wasubiri.

"Ikirudi nitawafuatilia," nikasema. Hakuna aliyeniomba. Mama aliandika namba yangu kwenye simu yake, herufi kubwa.

Wahenga wanasema tenda wema nenda zako, na tumeufundishwa kama ushauri wa unyenyekevu: usingoje shukrani. Hakuna anayeuliza upande wa pili unaonaje huko kwenda zako. Makundi manne yalitenda wema Mikumi yakaenda zake. Wahenga hao hao wanasema ahadi ni deni, na hapo ndipo mimi nilipokwama, kwa sababu deni lina mkopeshaji. Mimi nilijikopesha mwenyewe sifa ya kuahidi, halafu mama akabaki na hati ya kunidai.

Mikopo ilirejeshwa mwaka 2024. Alinipigia. Nilikuwa kwenye mitihani, nikasema nitampigia jioni. Akapiga tena baada ya wiki, nikaiangalia simu ikiita mpaka ikanyamaza. Baada ya hapo haikuwa mitihani tena, ilikuwa haya. Katikati ya mwaka huo huo nilifanya usaili wa mafunzo kazini, na mama mmoja kwenye jopo akaniuliza kuhusu mstari mmoja wa wasifu wangu, ule wa kujitolea na watu wenye ulemavu. Nilieleza vizuri. Nilieleza hata lile la kukoroga upande mmoja, wakacheka, nikapata nafasi.

Nilimpigia Januari. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha. Kimya kidogo, kisha, "Aaa, wa fomu!" Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. Faili lilishafuatiliwa na mjukuu wa fundi viatu, aliyepata lifti ya lori hadi Kilosa. Bado hawajajibiwa, lakini limepokelewa, lina namba. Akanisomea namba ile tarakimu moja moja, nami nikaiandika nyuma ya kitambulisho changu cha kazi, kwa kuwa sikuwa na karatasi.

"Mwezi ujao wanakuja wengine," akasema. "Wanafunzi kama nyie. Unawafahamu?"

"Siwafahamu, mama."

"Watafute. Waambie sabuni tunaijua."