Habari za Watu ni Amana ya Nani?

Hapana katika sisi asiyeijua hukumu ya amana. Mtu akiwekewa fedha na jirani yake aliyesafiri, hana ruhusa ya kuzitumia wala ya kumkopesha mtu wa tatu, ingawa huyo wa tatu ni mwema na haja yake ni ya haki, ila kwa idhini ya mwenye mali. Hata mwanafunzi mchanga wa fiqhi atakwambia hayo pasina kufungua kitabu. Lakini suala linalotushughulisha leo ni jingine. Ikiwa kilichowekwa si fedha wala nguo, bali ni habari ya mtu, yaani damu yake, maradhi yake, hesabu ya watoto wake walio hai na waliokufa, na aliyewekewa ni mtaalamu wa chuo kikuu, je, yafaa mtaalamu huyo kumpa mwenziwe wa fani nyingine?

Vyuo vikuu vya zama zetu vimeelekea kujibu kwamba yafaa, bali yapasa. Wala hoja yao si dhaifu. Wasema kwamba fedha ukizikopesha hupungua mkononi mwako, lakini mwalimu akisomesha wanafunzi mia hatoki darasani na ilimu pungufu. Kwa nini basi habari zilizokusanywa kwa taabu na kwa mali ya umma zifungiwe katika kabati la mtu mmoja, hata afe nazo? Na ushahidi wanao. Mwaka 1996 wataalamu waliokuwa wakiisoma jenomu ya binadamu, ndiyo maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili, walikutana Bermuda wakaafikiana kwamba wanayoyasoma yatangazwe kwa watu wote katika muda wa saa 24, bila ya kungoja mtu apate sifa kwanza. Na mwezi wa Januari 2020 maandishi ya virusi vya korona yalipotangazwa wazi, haikupita hata miezi mitatu ila mtu wa kwanza alikwisha kuchanjwa kwa majaribio mjini Seattle, tarehe 16 Machi. Lau habari ile ingefichwa, ni watu wangapi zaidi wangalikufa?

Tena kuna faida nyingine inayopatikana pale fani mbili zinapokutana. Tabibu huona mtoto amefikishwa hospitali amechelewa. Hajui kwa nini. Mtaalamu wa mambo ya jamii ameketi na mama wa mtoto yule, naye ajua habari ya nauli, na ya mume aliyekuwa safarini. Lakini hajui mtoto aliugua nini. Kila mmoja ana nusu ya jambo, na nusu haimponyi mtu. Anayekataa kuziunganisha nusu hizi kwa kuhofia jina lake litatajwa la pili, huyo kwetu ni bakhili.

Basi ubakhili tumeukataa. Lakini je, kuukataa ubakhili ndiko kuhalalisha kila kutoa? Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na kisa tutakachokitaja ni kisa mashuhuri kilichopita huko Marekani.

Katika bonde kuu la Grand Canyon, jimbo la Arizona, wanakaa watu waitwao Havasupai, kabila dogo la watu mamia tu. Ugonjwa wa sukari uliwaingia ukawala miguu na maisha yao. Wakamwendea mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona State ambaye walimjua kwa miaka mingi, aliyekuwa akisoma mila zao, naye akamleta mwenziwe wa ilimu ya urithi. Kuanzia mwaka 1990 damu ikatolewa, sampuli zaidi ya 200, kwa tamaa ya kwamba huenda dawa ya sukari ikapatikana. Dawa haikupatikana. Damu lakini ilibaki katika majokofu, na kutoka hapo ikapita mikono mingine na maswali mengine: mmoja akaitafutia asili ya maradhi ya akili, mwingine akapima ni kwa kadiri gani watu wale wameoana wao kwa wao, mwingine akaeleza kwamba wazee wao walitoka bara la Asia. Na wao wanaitakidi kwamba chimbuko lao ni lile bonde lenyewe, na juu ya itikadi hiyo ndiko wanakosimamisha haki yao ya ardhi! Mwaka 2003 mwanamke wa kabila hilo alihudhuria mkutano chuoni hapo akasikia damu ya watu wake ikielezwa kwa mambo wasiyoulizwa. Mwaka 2004 wakashitaki. Mwezi wa Aprili 2010 chuo kilisuluhiana nao kwa kuwalipa watu 41 dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyosalia.

Wako waliokitetea chuo kwa kusema: mbona wametia sahihi? Ni kweli walitia. Karatasi iliandikwa kwa maneno mapana, kwamba damu itachunguzwa sababu za maradhi ya mwili na ya tabia. Lakini mdomoni walikuwa wakiambiwa sukari, na akilini mwao hapakuwa na lingine ila sukari. Sisi hatuoni kwamba idhini ni wino. Mtu akikupa shamba ulilime mpunga, ukalichimba machimbo ya mawe kwa kuwa hati ilisema "kazi", kadhi gani atakusikiliza?

Na ajabu ya kisa hiki ni kwamba dhara haikutoka katika kufichana baina ya fani, ilitoka katika kupeana. Waliopokea damu walipokea vichupa tu. Maana ya damu ile kwa wenyewe hawakupewa, ingawa aliyejua mila za kabila ndiye aliyefungua mlango. Fani ya jamii ilitumika kama dalali, na dalali akishalipwa haulizwi tena neno.

Husemwa pia kwamba dawa ni kufuta majina. Dawa hiyo ni haba. Mwaka 2000 mtaalamu Latanya Sweeney alionyesha kwamba Wamarekani 87 katika mia waweza kutambulikana kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, uanaume au uanauke, na namba ya posta ya mtaa. Tena hata majina yakifutika yote, jina la kabila hubaki. Hakuna Mhavasupai mmoja aliyehitaji kutajwa ili wote waingie aibu.

Wanazuoni wetu wa Hadithi walilijua jambo hili kwa upande mwingine. Habari isiyo na isnadi hawakuipokea; walitaka kujua nani kapokea kwa nani. Sisi twasema data nayo isitembee pasi na isnadi yake, na ndani ya isnadi hiyo iandikwe ile idhini: nani alitoa, aliambiwa nini, na kwa lugha gani. Mwenye kuipokea kwa ajili ya kazi nyingine arudi kwa wenyewe akaombe upya, hata ikiwa ni taabu na gharama.

Wala tusidhani haya ni ya ng'ambo. Hapa kwetu Kilifi, tangu mwaka 2000, watafiti wa KEMRI na Wellcome huandika kila nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 250,000: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa, na kuziunganisha habari hizo na za hospitali. Watu wa huko waliulizwa juu ya kuwapa wengine habari hizo, na majibu yakachapishwa mwaka 2015. Wengi hawakulikataa jambo lenyewe. Walilotaka ni kujua ni nani atakayechukua, na nani atakayejibu mambo yakiharibika. Tena Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa wazi. Ni sheria njema, lakini inamtazama mtu mmoja mmoja, kijiji haikukiona.

Limebaki gumu moja, nalo ni la waliokwisha kufa. Baadhi ya waliotoa damu kule Arizona hawakuwahi kuiona ikirudi. Amana ya fedha, mwenyewe akifa, ni ya warithi wake, na mafungu yao yanajulikana. Lakini habari ya marehemu ni ya nani? Watoto wake peke yao, au jamaa wote ambao damu ile inawasema? Sisi twaelekea kwa jamaa wote, ingawa twajua kwamba kuwakusanya watu wa mji mzima wakubaliane si kazi ya siku moja, na kwamba maradhi nayo hayangoji kikao kiishe.