Kiti cha Kumi na Mbili

Kuna swali ambalo mashabiki wa kikapu cha vyuo Marekani hawachoki kuliuliza: je, Big East iongeze wanachama? Kwa sasa viko vyuo 11. Wapo wanaotaka wafike 12, wengine 14, na majina ni yaleyale kila mwaka, Dayton, Saint Louis. Gonzaga nao walitajwa sana mpaka wakaamua kwenda Pac-12. Ukilisikia juu juu utadhani ni biashara tu, mambo ya televisheni na tiketi. Mimi naliona ni swali la maadili, tena la zamani: watu walioungana wanadaiana nini, na yule aliyesimama mlangoni anawadai nini?

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Konferensi si ligi kama tunavyoijua sisi. Hakuna kupanda daraja wala kushuka. Ni vyuo vilivyokubaliana kucheza vyenyewe kwa vyenyewe, kugawana pesa za televisheni na kumpata bingwa wao. Huingii kwa kushinda, unaingia kwa kukaribishwa, na wanaopiga kura ni wakuu wa vyuo. Michael Walzer, katika kitabu chake cha 1983 kuhusu haki, anasema kitu cha kwanza ambacho watu hugawiana ni uanachama wenyewe. Mengine yote yanafuata. Alikuwa anawaza nchi na wahamiaji, lakini alizilinganisha nchi na vilabu, kwa hiyo sidhani kama namwonea nikimleta kwenye kikapu.

Na msomaji wa Dar akiuliza hayo yanatuhusu nini, nitamjibu kwa jina moja: Hasheem Thabeet. Kijana huyu wa Dar es Salaam alichezea Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, wakiwa ndani ya Big East, na msimu wake wa mwisho alichaguliwa mchezaji bora wa konferensi pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Alicheza usiku ule wa Machi 12, 2009, Madison Square Garden, Connecticut na Syracuse walipokwenda muda wa nyongeza mara sita na Syracuse wakashinda 127 kwa 117. Mechi iliisha saa saba na ushei usiku New York. Kwetu ilikuwa saa mbili asubuhi, watu wako kwenye foleni ya kwenda kazini. Miezi michache baadaye Memphis wakamchukua akiwa wa pili katika uteuzi wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko.

Hapo ndipo hoja inapokuwa ngumu kwa sisi tunaopenda udogo. Big East ya Thabeet haikuwa ndogo. Ilianza 1979 ikiwa na vyuo saba, kazi ya Dave Gavitt wa Providence, lakini kufikia wakati wa Thabeet ilikuwa na 16. Na ilikuwa moto! Mwaka 2011 ilipeleka timu 11 kwenye mashindano ya taifa, na Connecticut, waliokuwa wameshinda mechi 9 na kupoteza 9 ndani ya konferensi, ndio wakatwaa ubingwa wa nchi nzima. Anayesema kukua kunaua ubora ana kumbukumbu fupi.

Kwa upande mwingine, baada ya kupungua napo vikombe viliendelea kuja: Villanova 2016 na 2018, Connecticut 2023 na 2024. Na 2014 Connecticut walichukua ubingwa wakiwa nje kabisa ya Big East. Basi tuache vikombe. Havitusaidii kuamua.

Kilichopotea katika ile Big East ya 16 hakionekani kwenye kabati la vikombe. Kinaonekana kwenye ratiba. Kila timu ilikuwa na mechi 18 za konferensi na wapinzani 15. Maana yake ulikutana na watatu mara mbili, na waliobaki 12 mara moja tu. Wewe unakwenda kwao, wao hawaji kwako, au kinyume chake, mpaka mwaka mwingine. Nani aamue utembeleane na nani? Ofisi ya konferensi, na televisheni ikiwa imeketi pembeni ikikohoa.

Nyumbani na ugenini: sisi tuliokulia kwenye soka tunaona ni jambo la kawaida, hata hatulifikirii. Lakini hebu tazama maisha ya timu ndogo ya chuo nje ya konferensi kubwa. Mwezi wa kumi na moja inalipwa hela kwenda kwa mkubwa, inapigwa kwa pointi 30, inarudi nyumbani na hundi. Mkubwa haendi kwao. Kwa nini aende? Hiyo ni ajira, si uhusiano. Ndani ya konferensi ni tofauti, au inapaswa kuwa tofauti. Connecticut, bingwa wa taifa wa 2023 na 2024, lazima apande ndege aende Indianapolis kwa Butler, aingie Hinkle Fieldhouse, jengo la 1928, azomewe na wanafunzi wa chuo kidogo kuliko chake. Hana ruhusa ya kusema mwaka huu sina nafasi. Mapato yanaweza kugawanywa kwa usawa hata na watu wasiosalimiana. Kutembeleana ndiko kunakomfanya mdogo awe mwenyeji na mkubwa awe mgeni, angalau jioni moja kila msimu.

Waliounda upya Big East mwaka 2013 nadhani walilijua hilo. Vyuo saba vya Kikatoliki vilichoka kuburuzwa na pesa za futiboli ya Kimarekani, ambayo ndiyo iliyokuwa inawavuta akina Syracuse na Pittsburgh kwingine. Vikajitoa, vikaondoka na jina, vikawakaribisha Butler, Creighton na Xavier. (Butler si Wakatoliki, na Connecticut, waliorudi 2020 wakiiacha futiboli yao nje, ni chuo cha umma, kwa hiyo anayesema kinachowaunganisha ni dini hajahesabu vizuri.) Timu kumi, mechi 18, kila mmoja na kila mmoja mara mbili. Leo ni 11, mechi 20. Hesabu bado inakubali.

Linganisha na Big Ten, ambao jina linasema kumi na wenyewe wako 18. Mechi 20, wapinzani 17: watatu unakutana nao mara mbili, 14 mara moja. UCLA wa Los Angeles na Rutgers wa New Jersey ni wanachama wenza, karibu kilomita 4,000 kati yao, na mwanafunzi wa voliboli anasafiri umbali huohuo bila televisheni kumjali. Tuwaite wabia, sawa. Majirani hapana.

Sasa, aliye mlangoni. Ni rahisi mimi kusifia kutembeleana kwa walio ndani. Dayton je? Chuo chao na Xavier kiko katika jimbo moja la Ohio, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Walikuwa pamoja Atlantic 10. Xavier alipokaribishwa Big East, ule ugomvi mtamu wa kila mwaka ukafa, na Dayton hawakuwa na kosa lolote. Kila anayeitwa kwenye meza mpya anaacha kiti kitupu kwenye ya zamani, na Big East ilipojiponya mwaka 2013 ilijiponya kwa nyama ya wengine. Kwa hiyo siwezi kusema mlango ufungwe eti kwa sababu ndani kuna raha. Wanadaiwa.

Msimamo wangu ni kwamba 12 inawezekana, na Dayton wana hoja nzito kuliko wengine. Lakini 12 maana yake wapinzani 11, mechi 22. Bei yake ipo. Msimu una mechi kama 30 hivi, na zile mbili zitakatwa kwa timu za nje, pengine haohao wadogo wanaosubiri hundi ya mwezi wa kumi na moja. Makocha nao watalalamika kwamba mechi ngumu zimezidi. Wakuu wa vyuo wakisema tunamchukua wa 12 lakini mechi zibaki 20, mimi ningepiga kura ya hapana, hata kama anayegonga ni Dayton, maana watakuwa wanamkaribisha kwenye ratiba ambayo haiwezi kumwahidi kwamba Villanova atafika kwake. Kuhusu 14, ambayo ni mechi 26, sijaona anayeizungumzia kwa dhati akiwa na kalenda mkononi.