Wasifu Haukulitaja Bao

Kila alasiri jua linapopungua ukali, katika mtaa mmoja wa Tanga wazee hukusanyika chini ya mwembe kucheza bao. Ubao ni uleule: safu nne za mashimo manane manane, na kete 64 za komwe, kila mchezaji akiwa na zake 32. Wawili hucheza, wengine husimama nyuma yao wakihesabu kimoyomoyo na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Kahawa chungu inapita, na kashata inapita. Mwislamu na Mkristo wanakaa benchi moja. Wapo waliokaa hivyo miaka na miaka bila mmoja kulijua jina kamili la mwenzake, lakini mkono wake anaujua. Huyu akiona kete nyingi hawezi kujizuia, lazima ale. Yule huacha mlo mnono akachukua mdogo, kwa sababu ameshaona mbele.

Miongoni mwao alikuwapo mzee mmoja ambaye wote walimkubali kuwa ndiye fundi. Siku moja aliiacha kashata yake kwenye kisosi. Kesho yake akaiacha tena, akasema inamkwama. Baadaye akaacha na mkate, akawa mtu wa uji, na shati likaanza kumpwaya. Alipochunguzwa, ilikuwa saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Ugonjwa huu unawapata watu wengi katika nchi zetu za mashariki mwa Afrika, nao hauna papara ya kujitangaza. Mara nyingi tonge linapoanza kukwama, njia imeshazibwa sehemu kubwa. Akapelekwa Dar es Salaam, Ocean Road, akapigwa mionzi. Kwa muda uji ulipita vizuri, akarudi barazani, akacheza. Kisha hakuja tena.

Siku ya maziko wenzake walifika wote. Walikaa mwisho kabisa wa turubai, kwenye viti vilivyobaki. Kwenye daftari la rambirambi waliulizwa waandikwe upande gani: ukoo, jumuiya, au kazini? Wakatazamana. Mmoja akasema, "Tuandike majirani tu, mwanangu," ingawa wengine wao walitoka mitaa ya mbali. Halafu wasifu wa marehemu ukasomwa: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, ameacha mke, watoto na wajukuu wangapi. Wasifu haukulitaja bao. Mambo yote yaliyosomwa yalikuwa ya kweli, lakini wale wazee waliondoka wakihisi kwamba mtu waliyemfahamu wao bado hajazikwa, na kwamba hawana haki ya kusema hivyo.

Je, umewahi kulia msiba ambao hukujua kama ni wako? Labda si bao. Labda ni kikundi cha kukimbia alfajiri, au kinamama mnaokutana kufuma vitambaa, au wenzako wa kucheza drafti. Mtu huyo hakuwa ndugu yako, wala hamkufanya kazi pamoja. Kazini hawatakupa ruhusa ya kwenda kumzika. Nyumbani watakuuliza, "Ni nani wako huyo?" nawe utakosa jibu fupi. Basi unaimeza huzuni na kuionea aibu, kana kwamba mapenzi yanayozaliwa katika mchezo nayo ni mchezo.

Tazama habari iliyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 9. Huko Yafa palikuwa na mwanamke mwanafunzi, Dorkasi, aliyejaa matendo mema. Akaugua, akafa, wakamwosha na kumlaza chumba cha juu. Petro alipoitwa kutoka Lida na kupandishwa huko, aliwakuta wajane wakilia. Luka, aliyeiandika habari hii, haandiki kwamba walimsimulia ukoo wa Dorkasi wala umri wake. Anaandika kwamba walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Yawezekana walikuwa wamezivaa mwilini. Kila mmoja alikuwa na kipande cha Dorkasi ambacho mwingine hakuwa nacho, wakavileta vyote mbele ya mtume. Na Petro hakuwauliza ninyi ni nani kwake. Aliwasikiliza kwanza, ndipo akawatoa nje, akapiga magoti.

Mpendwa, Roho wa Mungu aliona vema kanzu zile ziandikwe. Mbele za Mungu saa ambazo watu wawili wanapeana kwa hiari si saa za kupotea. Mzee yule hakulazimika kuja barazani. Hakulipwa. Alikuja kwa sababu mwenzake angekuwapo, na mwenzake alikuja kwa sababu yeye angekuwapo. Hujifunzi bao la Kiswahili kwa siku moja. Lazima awepo mtu wa kukaa nawe wakati kete 22 bado ziko mkononi mwako na hujui uanzie wapi, mtu anayekushinda leo, anayekushinda kesho, na keshokutwa anakuonyesha ni wapi ulipokosea. Fundi wetu alifanya hivyo kwa vijana kadhaa, bila kuwacheka mbele ya watu. Ukitaka kujua uaminifu wa kila siku unafananaje, unafanana hivyo. Ni mapenzi yasiyo na tangazo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua linawauma wengine zaidi ya kifo chenyewe. Fundi alipolala kitandani, si wote waliokwenda kumwona. Mmoja alikuwa ameachana naye kwa maneno makali kuhusu kete moja iliyodondoka. Mwingine hakuwa na ugomvi wowote. Aliogopa tu. Alizoea kukaa naye ubao ukiwa kati yao, na hakujua angemwambia nini bila ubao. Akasema nitakwenda kesho, na kesho ikawa hivyo hivyo.

Kama wewe ni mmoja wao, nakuomba usijihukumu kwa ukali ambao mwenyewe fundi asingekuhukumu nao. Kumbuka rafiki watatu wa Ayubu. Siku 7, usiku na mchana, walikaa naye chini wakanyamaza, na hizo ndizo siku walizomfaa. Walipofungua vinywa ndipo walipokosea. Watu wa bao tayari mnajua kukaa na mtu bila kusema neno, na kumbe hicho ndicho kipawa mgonjwa anachokihitaji. Safari hii hukukitumia. Safari nyingine utakitumia. Ama yale maneno makali ya siku ile, huwezi tena kuyafuta mbele ya marehemu, lakini waweza kuyapeleka kwa Mungu, ambaye kwake hakuna aliye mfu. Mwambie kama ambavyo ungemwambia yeye: nilikosa, nisamehe. Na kama ni yeye aliyekukosea, msamehe pia, kwa jina lake. Je, hilo deni la kete moja ungependa kutembea nalo mpaka lini?

Kisha, turubai likishafunguliwa na wageni wakishapanda mabasi, nenda nyumbani kwa marehemu. Huo ndio wakati nyumba inapokuwa na nafasi ya kusikia. Mweleze mama na watoto kile ambacho wasifu haukukisema. "Baba yenu alikuwa hivi. Siku fulani alimfunza kijana wangu hivi. Akishinda alikuwa anasema hivi." Watoto wanamjua baba aliyelipa ada na kugomba wakichelewa. Huenda hawajawahi kusikia jinsi baba huyo alivyokuwa akicheka. Kicheko hicho ni kanzu uliyoachiwa wewe. Ukikaa nayo kimya, hawataiona kamwe.

Na kwa walio hai, jizoeze kuona. Wale wazee ndio waliokuwa wa kwanza kuiona kashata kwenye kisosi, pengine kabla ya mke wake na kabla ya daktari. Anayekutana na mtu kila siku kwa hiari huona mabadiliko ambayo mtu wa nyumbani ameyazoea. Kwa hiyo mwenzako akianza kukwamwa na chakula, akikonda bila sababu, au akipotea bila kuaga, usiliache lipite kwa heshima. Mwite pembeni. Mwulize, "Ndugu yangu, hili limekuanza lini?" Kisha mpe siku, mwongozane hospitali, ukae naye kwenye foleni. Wala usiogope kwamba utaonekana mbea. Ukienda naye mpaka mwisho wa foleni, ataelewa kwamba ulimpenda.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaona wajane wa Yafa na kanzu zao mikononi, waone na leo wale wanaolia mwisho wa turubai. Wape faraja wasiothubutu kuiomba. Wasamehe waliochelewa, na uwape ujasiri wa kubisha hodi. Amina.

Wiki hii, mpendwa, kuna nyumba moja unayoijua ambayo msiba wake umekwisha kutulia. Nenda. Huhitaji kubeba kitu kikubwa. Beba kisa kimoja cha kweli, na ukae mpaka wakuulize kingine.