Je, Kuonya Kunatosha?

Hamira inayoumua maandazi ni kiumbe hai. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walibadili jeni zake ili igeuke nyekundu ikikutana na fangasi waletao maradhi. Wengine huitumia kugundua kemikali katika maji.

Kwetu Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, kipimo rahisi kingefaa. Lakini Julai 1994, jirani yetu Goma, wakimbizi karibu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Walikunywa maji ya ziwa kwa kukosa mengine. Kwao, onyo tupu lingekuwa kejeli.

Kujua ni bora kuliko kutojua. Hata hivyo, anayempimia mwenzake maji na kumwambia “usinywe” hajamaliza wajibu wake: lazima ajiulize huyo atakunywa nini.