Rambirambi kwa Treni Ndogo

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei 2019, vijana waliingia kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja mjini Stamford, Uingereza, wakavunjavunja treni. Hazikuwa treni za kupanda. Zilikuwa za maonyesho ya klabu ya reli ndogo ya Market Deeping, zimepangwa mezani tangu siku iliyotangulia ili milango ikifunguliwa Jumamosi, watoto na wazazi wao wakute kila kitu tayari. Kulipokucha, wenye maonyesho walikuta kazi zao zimekanyagwa na kutupwa huku na huko. Mwenyekiti wa klabu aliwaambia waandishi wa habari kwamba mmoja wa waliovunjiwa alikuwa ameitumia miaka 25 kujenga kazi yake.

Msomaji ambaye hajawahi kuona kitu hiki asifikirie garimoshi la plastiki linalozunguka duara chini ya kochi. Uwiano unaotumika zaidi Uingereza ni 1:76, yaani mtu mwenye urefu wa mita 1.75 anabaki na milimita 23, karibu na upana wa kidole gumba. Kwa kipimo hicho watu hujenga mji mzima: stesheni, baa, ua wa kanisa, kamba ya kuanikia nguo nyuma ya nyumba. Klabuni kazi hugawanywa. Yupo fundi wa umeme anayepitisha nyaya chini ya meza na kuzilehemu. Yupo anayetengeneza miti kwa waya na vipande vya sponji. Mwingine kazi yake ni kugundisha kokoto katikati ya mataruma, kokoto za ukubwa wa mchanga, na jioni nzima huisha kabla hajafika mita moja. Tena yupo yule asiyegusa gundi kabisa, anayekaa na ratiba za zamani kuhakikisha kwamba behewa la mwaka 1950 halipiti kwenye stesheni ya mwaka 1935. Nyuma ya mandhari, mahali mtazamaji asipopaona, kuna uwanja wa kupangia treni. Treni ikizama handakini kana kwamba inakwenda London, imeishia hapo nyuma ya ubao, inasubiri zamu yake ya kurudi.

Nilileta habari hii kwenye kikundi chetu cha wanafunzi wa uzamili, kwa sababu muhula huo tulikuwa tunajadili maana ya kumdhuru mtu. Wengi walicheka. Wazee wazima wanalilia midoli! Lakini mwenzetu mmoja hakucheka, akanitega.

"Dada," akasema, "waulize wenyewe. Watakwambia raha iko kwenye kujenga, kumaliza si hoja. Sasa kama raha iko kwenye kujenga, hao vijana wamewaibia nini? Wamewapa nafasi ya kujenga upya. Raha ya miaka 25 mingine, bure."

Hoja hii ni ya ukatili, lakini si ya kijinga. Aristotle alitofautisha kutengeneza, ambako lengo liko nje ya tendo, na kutenda, ambako tendo lenyewe ndilo lengo. Kieran Setiya, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu umri wa makamo, anaona tatizo kwenye miradi yenye mwisho: ukiikamilisha, imekufa mkononi mwako. Anatushauri tupende zaidi shughuli zisizokamilika, kama vile kutembea tu au kukaa na marafiki. Kabla yake, mwaka 1978, Bernard Suits alieleza kwamba mchezaji ni mtu anayejiwekea vikwazo visivyo vya lazima ili ahangaike navyo. Kama unachotaka ni mpira uingie golini tu, nenda usiku uwanja ukiwa mtupu, ubebe mikononi, uweke wavuni. Hakuna anayefanya hivyo. Tunalitaka goli kwa ajili ya kulihangaikia.

Ukimfuata Suits, mjenzi wa reli ndogo ni mchezaji. Angeweza kununua stesheni iliyokwisha kutengenezwa, lakini anakata mwenyewe kadi na kupaka rangi tofali moja moja. Amejiazima lengo ili apate mahangaiko. Na kama lengo ni la kuazima, mwenzangu ameshinda: likivunjika, unaazima lingine.

Mimi naona hapo ndipo hesabu inapokosewa. Mpira ukiisha, refa anapuliza filimbi, goli linabaki kwenye kumbukumbu na nyasi zinabaki tupu. Hakuna kilichojengeka cha kuvunjwa. Reli ndogo haiko hivyo. Kila jioni inaacha kitu mezani, na kitu hicho kinakaa juu ya kile cha jioni iliyopita. Halafu huwezi kugundisha kokoto mwaka mzima kwa lengo usilolipenda kweli. Mkono utachoka mwezi wa pili. Ili uipate raha ya kujenga, lazima uipende stesheni yenyewe, uitake iwepo, ukasirike paa likipinda. Mtu anaingia kwa ajili ya shughuli na kumbe kitu kinazidi kumshika. Baada ya miaka 25 si haki kumwambia kwamba alikuwa anaigiza kukipenda.

Mama yangu hufuma vitambaa vya makochi. Vya dukani ni rahisi kuliko uzi anaoununua. Ukimuuliza atasema anapitisha muda, na anasema kweli. Lakini jaribu kumwagia mmoja wapo chai, kisha umwambie muda si ulishapita vizuri.

Watawa wa Kitibeti hutengeneza michoro ya mchanga wa rangi kwa siku nyingi, punje kwa punje, wakimaliza wanaifagia na kuumwaga mchanga majini. Mwenzangu aliutaja mfano huu kama ushahidi wake. Mimi nauona ni wangu. Kufagia ni sehemu ya ibada yao, wanafagia wenyewe, siku waliyoichagua. Angeingia mlevi usiku akaukanyaga mchoro ukiwa nusu, tungekuwa na habari nyingine kabisa.

Kuna jambo lingine ambalo mfano wa mchezo hauligusi. Mwaka 1925 kijana wa Kiaustralia, Roye England, alifika Uingereza, akalipenda bonde linaloitwa Vale of White Horse na nyumba zake za mapaa ya nyasi. Akaona nyumba hizo zinabadilishwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo akaanza kuzijenga kwa udogo, kwa vipimo sahihi, bustani kwa bustani. Kazi hiyo sasa iko kwenye makumbusho ya Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham, pamoja na reli zake. England alifariki mwaka 1995, bonde halijakamilika. Watu wa kujitolea bado wanaliendeleza, wakikaa kwenye benchi za kazi alizoziacha wengine.

Hapo tumetoka kwenye mchezo wa mtu mmoja. Katika klabu yoyote iliyodumu, sehemu ya kazi iliyo mezani imetengenezwa na mikono ambayo haipo tena. Daraja hili ni la mzee fulani, ile safu ya miti ni ya fulani aliyezikwa zamani. Ukiwaambia wajenge upya, unamwambia nani ajenge lile daraja? Wanaweza kuweka daraja lingine, pengine zuri zaidi. Na hata kwa aliye hai, miaka 25 mipya inatolewa na nani? Mtu aliyeanza akiwa na miaka 40 ana 65. Mchezo unarudiwa kwa sababu wikiendi ijayo ipo, lakini umri haupangiwi mechi ya marudiano.

Baada ya uharibifu ule, klabu iliomba mchango mtandaoni ikiwa na lengo la pauni 500. Zilikuja zaidi ya pauni 100,000. Mwimbaji Rod Stewart, ambaye naye ni mjenzi wa reli ndogo, alitoa 10,000. Magazeti yaliandika kana kwamba hasara ilikuwa imefidiwa mara mia mbili. Sisi tuna neno linalolifaa jambo hili zaidi ya fidia. Ni rambirambi. Anayetoa rambirambi halipi bei ya marehemu, na wala mfiwa hamhesabii kama ametosha. Anatia mkono mfukoni ili aonekane amefika. Wageni wale wa mtandaoni, ambao wengi wao bila shaka hawajawahi kulehemu hata waya mmoja, walifika msibani.

Mwenzangu alibaki na hoja moja, na hii sijaivunja. Pauni 100,000, alisema, ni visima vingapi? Kuna vijiji havijawahi kuchangiwa na mtu yeyote, na vimepoteza zaidi ya stesheni za kadi. Ni kweli. Rambirambi haziendi palipo na shida kubwa, zinaenda palipo na sura ya kulia, na sura ya mzee wa Kiingereza anayeokota vipande vya maisha yake ilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Huo ni upungufu wa huruma yetu. Bado sidhani dawa yake ni kumnyima mzee yule pole. Tunaowasahau tuwadai haki yao bila kuipunguza kwenye mfuko wa aliyefiwa.

Akaniuliza kama mimi ningechanga. Nikamwambia ningetoa elfu tano, halafu ningeuliza kama kuna mtu anahitajika upande wa kokoto.