Stima Zikipotea

Mwanangu, umeniambia kioo cha tangi la samaki umeshanunua, kabati la kukiweka limefika, na sasa watafuta fundi wa mifereji aje atoboe. Sikukatazi. Aliyezaliwa kisiwani akatamani kuwa na kipande cha mwamba wa bahari sebuleni mwake hana kosa. Lakini nisikize kabla fundi hajaja. Fundi atakujengea maji yatembee. Mimi nataka tuzungumze kuhusu siku pampu itakaposimama.

Tangi la samaki wa maji ya chumvi lenye sampu ni matangi mawili. La juu ndilo wageni hulitazama. La chini, lililofichwa kabatini, ndiyo sampu, lenye pampu, machujio na kile chombo cha kutoa uchafu kwa povu. Maji hushuka yenyewe yakivuka ukingo wa juu na kuingia bombani, kisha pampu huyarudisha. Stima zikipotea, pampu hunyamaza papo hapo, ila maji hayanyamazi. Yale yaliyo juu ya ukingo yatashuka yote. Na bomba la kurudisha, ikiwa mdomo wake umezama, litayavuta kinyume mpaka mdomo huo upate hewa.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tangi lako lina urefu wa sentimita 100 na upana wa 50, kwa hiyo kila sentimita ya kina ni lita 5. Yakishuka sentimita 3 kufikia ukingo, hizo ni lita 15. Ongeza yaliyomo bombani, tuseme jumla ni 20. Sampu yako ni 80 kwa 40, kimo chake 40. Ukiiendesha ikiwa na maji ya sentimita 22, imebaki nafasi ya lita 57. Zile 20 zitaingia vizuri. Lakini fundi akiushusha mdomo wa bomba la kurudisha sentimita 15 chini ya uso wa maji, kwa kuwa huko hauonekani, zitashuka lita 75. Zaidi ya 17 zitakosa pa kwenda.

Na kwenye gorofa za Ganjoni, hapa Mombasa, sakafu yako ni dari ya mwenzio. Maji ya mfereji yakivuja hukauka na dari ikapakwa rangi upya. Ya bahari huacha chumvi ndani ya zege, nayo hukaa humo ikila nondo miaka na miaka. Mwenye nyumba huenda akakusamehe godoro la mpangaji lililorowa. Nondo hazina msamaha. Hili ndilo linalonifanya niseme kwa uchungu, kwa sababu vijana wengi huhofia samaki kufa wakamsahau mtu aliyelala chini yao.

Wala usijipe moyo kwamba stima hazipotei sana. Juni 7, 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru, na karibu nchi nzima ikazima. Agosti 25, 2023 giza lilitanda tena sehemu kubwa ya Kenya usiku, na wengi wakakaa saa nyingi bila umeme. Hizo ni zile kubwa zilizotangazwa; zile za mtaani wazijua mwenyewe.

Basi mwambie fundi mdomo wa kurudisha ukae sentimita 2 tu chini ya uso wa maji. Watu hutoboa pia kitundu bombani ili kiingize hewa. Kitoboe, lakini usikitegemee peke yake, maana mwani na konokono wadogo hukiziba. Valvu ya kuzuia maji kurudi naiamini kidogo kuliko hata kitundu hicho: chembe moja ya mchanga ikikwama, haifungi. Bomba la kushukia liwe pana kuliko la kurudisha, na kando yake liwepo la pili, tupu, la dharura. La kwanza likiziba huku pampu ikisukuma, tangi la juu ndilo litakalofurika. Kwa hiyo hata chumba cha pampu ndani ya sampu kisibebe maji mengi kuliko nafasi iliyobaki juu. Ukiacha sentimita 5 wazi juu, una lita 25. Chumba cha pampu kiwe cha 20.

Hadiwea watakuuzia valvu za shaba, nzuri na nzito. Zikatae. Shaba katika maji ya chumvi huua kamba na matumbawe, hata ikiwa kidogo. Nunua za plastiki. Waya wa pampu nao uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni.

Maji usichote bandarini Kilindini, penye meli na mafuta yake. Yanayopungua kwa joto yaongeze kwa maji matamu safi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Ukiongeza ya chumvi kila siku, yatayapita hata ya bahari kwa chumvi. Samaki wasubiri wiki kadhaa, mpaka bakteria wakae kwenye mawe na kuimaliza amonia. Wala jiwe wala samaki asitoke katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyolindwa tangu 1986. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri pia: maji ya joto letu hushika oksijeni kidogo, na usiku wa giza samaki huanza kukosa pumzi wewe umelala.

Siku ya kwanza tia maji ya mfereji matupu. Washa pampu, acha yatulie, kisha izime kwenye soketi na utazame sampu mpaka tone la mwisho. Piga alama kwa kalamu usawa wa juu kabisa unaokubalika pampu ikienda, na usiuvuke hata siku moja. Rudia mpaka uchoke. Halafu mwite jirani wa chini apande, umwoneshe swichi iko wapi na umwachie ufunguo wa akiba, maana siku utakapokuwa Nairobi, yeye ndiye atakayeona dari ikilowa.