Soko ni la Nani?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu umezoeleka katika hesabu za duka, lakini yatufaa kuutafakari pia tunapozungumzia mali ya watu wengi, kama vile soko la mji. Je, sheria ikitamka kwamba soko ni la wananchi, huwa lao kweli?

Mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, uliwekwa kwa ajili ya utawala. Waliougeuza kuwa mji wa watu ni wale walioteremka kutoka miteremko ya Mlima Rungwe na mikungu ya ndizi, maharage na viazi, wakapeana pia habari za misiba, ndoa na mvua. Hata hivyo, kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, masoko ya wilaya husimamiwa na halmashauri. Mama muuza ndizi hulipa ushuru, akabaki mpangaji mahali palipopata uhai kwa jasho lake.

Taifa letu limewahi kulitungia soko sheria yake lenyewe. Sheria Na. 36 ya mwaka 1974 iliunda Shirika la Masoko ya Kariakoo, Dar es Salaam, ili chombo cha umma kiliendeshe soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Nia ilikuwa njema. Lakini moto ulipoliunguza tarehe 10 Julai 2021, waliopoteza mitaji yao ni wauzaji, ambao kisheria hawakuwa wenye soko. Hasara ilikuwa yao, umiliki haukuwa wao.

Wako wanaohofu kwamba soko likikabidhiwa wananchi, wajanja wachache watalimeza. Hofu hiyo si ya bure. Na sheria yenyewe si ngome: vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vilivunjwa mwaka 1976, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kilichotolewa kwa kalamu huweza kuondolewa kwa kalamu.

Wanyakyusa wa zamani walilijua tatizo hili. Katika sherehe ya ubusoka, iliyofanyika mara moja kwa kizazi, chifu mzee aliwakabidhi wanawe utawala, na wazee wakasogea kuwapisha vijana katika ardhi. Moto wa zamani ulizimwa, ukawashwa mpya. Hapakuwa na hati. Palikuwa na mashahidi, na kila aliyepokea alipokea haki pamoja na wajibu.

Basi sheria ya kukabidhi soko la kale kwa jamii haina budi kufuata hekima hiyo. Iwataje wenye soko: wauzaji, wakulima wa vijijini na wakazi wa mji. Iamuru daftari la mapato lisomwe hadharani. Ikataze kiwanja kuuzwa, na iwape wanachama uwezo wa kumwondoa kiongozi asiyejibu. Wanachama nao wakubali kufagia, kulipa na kuhudhuria mikutano.

Mwenye mali ni yule awezaye kuuliza, na ambaye naye huulizwa. Mwalimu na awafundishe vijana mambo yote mawili, kwa kuwa asiyezoea kuuliza mapato ya soko la mji wake hatazoea kuuliza mapato ya nchi yake.